Maswali yenu kuhusu bendera za Cubs, haya twende

Mmeuliza mengi kuhusu bendera za pale Wrigley Field, uwanja wa Cubs, timu ya besiboli ya hapa Chicago, na mi hii mada naipenda sana. Timu zingine zinapeperusha bendera za mapambo, hizi za Cubs kila moja ina habari, ukijua kuzisoma unafuatilia msimu mzima hata kama sheria za besiboli bado zinakuchanganya. Nimechagua maswali machache.

Nakaa Rogers Park, kazini naenda na treni ya Red Line. Nikifika kituo cha Addison, karibu na uwanja, siku zingine naona bendera nyeupe yenye W, siku zingine ya bluu yenye L, siku zingine hamna kabisa. Ndo nini ile?

Dada, ile bendera iliwekwa kwa ajili yako kabisa, mtu wa kwenye treni. Nyeupe yenye W ya bluu maana yake Cubs wameshinda, ya bluu yenye L nyeupe maana yake wamefungwa, inapandishwa juu ya ubao wa matokeo baada ya gemu la nyumbani, kwa hiyo timu ikiwa safarini usiitafute. Ule ubao ulijengwa 1937, wakati wa Bill Veeck aliyekuwa akifanya kazi Cubs, mwaka huohuo ndo wakapanda ile mimea inayotambaa ukutani, na ubao uko kona ya Waveland na Sheffield, yaani upande wa reli, sasa fikiria enzi hizo gemu zinachezwa mchana, watu wako ofisini, jioni mtu anarudi nyumbani anachungulia dirishani anajua matokeo kabla hajashuka. Taa za usiku pale zilikuja 1988 tu! Zamani rangi zilikuwa kinyume, W ilikuwa kwenye bluu, baadaye ndo wakazigeuza, so ukiona picha ya kale usichanganyikiwe. Na siku wakicheza gemu mbili wakashinda moja wakafungwa moja, zinapanda zote mbili, W na L pamoja. Napenda sana huo uungwana, timu inafungwa na bado inapandisha bendera kuwaambia watu ukweli.

Shikamoo. Mjukuu wangu alinipeleka uwanjani nikaona kamba zenye vibendera vingi juu ya ubao, kila kimoja na timu yake. Mbona bendera za wapinzani zinapepea kwao?

Marahaba mzee wangu... hapana, shikamoo wewe! Hapo umeona kitu ambacho watu wengi wanakipita hivihivi. Ule ni msimamo wa ligi, mzee. National League ina timu 15, zimegawanywa makundi matatu ya timu tano tano, kila kundi lina kamba yake, na anayeongoza kundi bendera yake iko juu kabisa, wa mwisho yuko chini. Cubs wakishuka nafasi na bendera yao inashuka, nyumbani kwao kabisa, juu ya ubao wao wenyewe. Msimamo ukibadilika lazima mtu azipange upya kwa mkono, na hata ule ubao wenyewe namba zake zinabadilishwa na watu waliokaa ndani, wanaweka vibao vya namba kwenye vidirisha.

Afu kuna kazi ya pili, ya upepo. Uwanja uko karibu na Ziwa Michigan, kwa hiyo upepo unaamua mengi sana pale. Siku ukienda tena kaa utazame kabla gemu halijaanza: vibendera vikilala kuelekea kwa mpigaji, upepo unatoka ziwani, na mpira unaopigwa juu unarudishwa unadakwa, vikielekea nje barabarani, jiandae, siku hiyo homurani, yaani mipira inayopigwa mpaka ng'ambo ya ukuta, zitakuwa nyingi. Wachezaji wenyewe wakitoka tu wanaziangalia. Mi naziangalia kabla hata sijakaa kwenye siti.

Kwenye zile nguzo mbili za pembeni kuna bendera za namba, na 31 nimeiona mara mbili. Ni makosa?

Sio makosa mdogo wangu. Zile ni jezi zilizostaafishwa, hakuna mchezaji atakayezivaa tena. Nguzo ya kushoto ina 10 ya Ron Santo, 14 ya Ernie Banks na 31 ya Ferguson Jenkins, ya kulia ina 23 ya Ryne Sandberg, 26 ya Billy Williams na 31 ya Greg Maddux. Jenkins na Maddux wote walikuwa warushaji, wote walivaa 31 kwa nyakati tofauti, na wote walistahili, so kila mmoja kapewa ya kwake.

Naona Wamarekani wanasema timu imechukua bendera halafu bado inaendelea kucheza. Bingwa ni nani sasa?

Ligi ziko mbili, National na American. Anayekuwa bingwa wa ligi yake ndo anasemwa kachukua bendera, afu mabingwa wawili wanakutana World Series, anayeshinda hapo ndo bingwa wa wote. Ni kitu cha zamani sana, National League ilianza 1876 na timu ya Chicago, hii hii, enzi hizo ikiitwa White Stockings, ndo ilichukua ubingwa wa kwanza. Cubs walichukua World Series 1908, wakachukua ligi mara ya mwisho 1945, afu kimya mpaka 2016. Oktoba wakawatoa Dodgers wa Los Angeles wakachukua ligi, Novemba wakawafunga Cleveland 8-7 kwenye gemu la saba na la mwisho la World Series, lililoenda mpaka raundi ya kumi. Miaka 108! Mashabiki walienda kwenye kuta za matofali za uwanja wakaandika kwa chaki majina ya baba na bibi zao waliokufa bila kuona ubingwa, ukuta ukajaa mpaka juu, wengine wakapeleka bendera za W makaburini. Aprili 10, 2017 bendera ya ubingwa ikapandishwa nyumbani, mvua ikachelewesha shughuli, watu wakangoja hivyohivyo, na siku hiyo wakawafunga Dodgers 3-2.

Nimenunua W ya kutundika kwenye baraza. Naitundika lini?

Baada ya gemu kuisha kabisa na Cubs wameshinda, sio dakika moja kabla. Hata wakiongoza kwa mbali. Watu wengi uwanjani wanakuwa nayo imekunjwa kwenye begi, ikiisha ndo unaona nyeupe imefunguka kila jukwaa. Besiboli haina saa ya kumaliza gemu, timu iliyo nyuma inaweza kugeuza matokeo hata ikiwa imebakiza mtu mmoja tu wa kutolewa, kwa hiyo ngoja.

Nimeachiwa kile kibendera kirefu cha pembetatu cha kitambaa kizito, cha zamani. Nakisafishaje?

Usikifue kaka! Vingi vya zamani ni vya sufu iliyogandamizwa, ukitia maji kinajikunja na rangi za maandishi zinachuja. Pangusa vumbi kwa brashi laini, kilaze bila kukikunja, weka mbali na jua na nondo. Na usikipigilie pini ukutani, matundu hayazibiki, tafuta fremu yenye kioo.