Sindano ya mgongo ilimpoozesha nani?

SWALI: Shikamoo Bibi Muuguzi. Mwanangu wa miezi 4 alishikwa na homa na degedege. Hospitali wakakuta ana malaria, lakini daktari akataka pia kumtoa maji ya mgongo, aone kama ana homa ya uti wa mgongo. Mama mkwe akakataa katakata, anasema kuna mtoto alichomwa hiyo sindano akapooza. Tukasaini kukataa. Alichomwa dawa za homa ya uti wa mgongo siku 10, tukarudi nyumbani. Mtoto anacheka na ananyonya, ila roho yangu haitulii. Tulikosea?
Mama, Tandahimba

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Hofu ya mama mkwe naijua. Wodi ya watoto nimeifanyia kazi miaka 26 hapa Mtwara, na kwenye kipimo hiki mimi ndiye niliyekuwa namshika mtoto. Tunamlaza ubavu pembeni mwa kitanda, magoti yakunjwe kuelekea tumboni, mkono wangu mmoja nyuma ya mabega, mwingine nyuma ya mapaja. Shingo siikunji sana, maana kichanga ukimbana shingo anakosa pumzi. Macho yangu hayatoki kifuani na midomoni mwake. Daktari anapapasa mifupa ya nyonga, anapata usawa wake mgongoni, anasafisha, anachoma ganzi ikiwepo. Sindano inaingia kati ya pingili ya 4 na ya 5 za kiuno, au ya 3 na ya 4. Uti wenyewe, ule mshipa mkuu wa fahamu, kwa kichanga unaishia juu ya hapo, karibu na pingili ya 3. Huko chini kuna nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea kwenye maji.

Halafu tunasubiri tone. Maji hayavutwi, yanadondoka yenyewe kwenye kichupa, tone baada ya tone, kama 10 kila kichupa, na mwili hutengeneza mengine. Yakiwa maangavu tunashusha pumzi, ingawa maabara ndiyo yenye neno la mwisho. Yakitoka kama maji ya kuoshea mchele, hakuna anayeongea.

Sasa huyo aliyepooza. Anayetolewa maji ya mgongo ni mtoto ambaye tayari yuko mahututi, na homa ya uti wa mgongo inaua, inapoozesha, inaziba masikio. Watu wanaikumbuka sindano kwa sababu waliiona. Madhara yake yapo, kama mgongo kuuma au damu kidogo kuchanganyika na maji; makubwa ni nadra sana. Na daktari mwenyewe huiahirisha mtoto akiwa anapumua kwa shida, degedege halijakoma au damu yake haigandi vizuri. Dawa inaanza, kipimo kinafuata baadaye.

Mlikosea? Kukataa kulimfanya daktari atibu gizani. Malaria kwenye damu haiondoi homa ya uti wa mgongo. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili, na kwa umri wake hata shingo haikakamai kila mara. Lakini dawa alipata, na hilo ndilo lililokuwa kubwa.

Lililobaki ni masikio. Rudi hospitali na cheti chake cha kuruhusiwa, waeleze kwamba alitibiwa homa ya uti wa mgongo bila kuthibitishwa, uombe apimwe usikivu. Usisubiri mpaka achelewe kusema. Na mama mkwe aende naye, amshike mjukuu wake wakati anapimwa.