Asilimia Tano ya Nini?

Wiki iliyopita kijana mmoja alinitumia rasimu ya mkataba wa leseni, wa kuruhusu kiwanda kitengeneze uvumbuzi wake, saa tano usiku: "Shikamoo mzee, wamekubali asilimia saba!" Marahaba, nikamjibu, lakini mrabaha wenyewe, yaani fungu lako kwenye mauzo, uko wapi? Maana kifungu cha malipo kilisema asilimia saba ya "mapato halisi", na mapato halisi hayakuelezwa popote. Huyo ni wa nne mwaka huu. Nawapenda, wadogo zangu, lakini nimechoka kulieleza hili kwa simu, mmoja mmoja.

1. Msibishanie asilimia kabla ya kujua ni asilimia ya nini.

Mimi niliuza leseni ya kifaa cha kuachia roli kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Mkono ukivutwa ndani, roli inaachia. Nilikihangaikia miaka minne kwa sababu kijijini kwetu kuna watu wasio na vidole, na wote wanajua ni mashine ipi iliyowakata. Kiwanda kilipokuja, nilipigania asilimia kama mwendawazimu: wao walianza na mbili, mimi nikataka nane, tukakutana kwenye tano. Nikatoka nimeshiba ushindi. Neno "halisi" nililisoma, nikalipita.

Taarifa ya kwanza ya nusu mwaka ilikuwa karatasi moja. Mashine 212 zimeuzwa, kila moja 900,000, jumla shilingi 190,800,000. Kichwani nikapiga hesabu yangu: 9,540,000. Kisha nikashuka chini. Usafirishaji. Punguzo la mawakala. Matangazo. Riba ya mkopo wa benki. Mishahara ya idara ya mauzo! Mstari wa mwisho ulibaki 22,400,000. Asilimia tano yake ni 1,120,000, na kodi ya zuio ya 15% ilipokatwa nikapokea 952,000. Nilikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa. Mwanasheria niliyempelekea aliuliza swali moja tu: "Wapi mmeandika kinachoruhusiwa kukatwa?" Hatukuandika popote.

Na hilo halikuwa kubwa. Leseni ilikuwa ya kipekee, yaani kiwanda hicho tu ndicho chenye ruhusa ya kukitengeneza, tena haina mrabaha wa chini wa kila mwaka. Mwaka wa tatu kiwanda kikaona mashine isiyo na kifaa changu ni rahisi kutengeneza, kikaacha kukifunga. Mafundi wawili waliniomba ruhusa wakitengeneze wao. Nikawaambia siwezi, haki si yangu tena. Mwaka huohuo kijana wa jirani alipoteza vidole viwili kwenye mashine mpya ya kiwanda hichohicho. Nilikwenda kumjulia hali. Mama yake alikuwa ameufunga mkono kwa khanga, akaniuliza kile kitu changu kiliishia wapi. Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo nikipita pale nashuka kwenye baiskeli kumsalimia.

Kwa hiyo: dai asilimia ya bei iliyo kwenye ankara ya kiwandani, ondoa VAT na bidhaa zilizorudishwa, basi. Asilimia tatu ya ankara ingenipa 5,724,000 kwa karatasi ileile.

2. Wakitaka upekee, waulipie: kiwango cha chini kila mwaka, na wakikaa miezi kumi na miwili bila kuzalisha, haki inarudi kwako.

3. Acheni kunukuu "robo ya faida". Kanuni hiyo ya 25%, kwamba mvumbuzi apewe robo ya faida ya bidhaa, mahakama ya rufaa ya Marekani iliikataa mwaka 2011, kwenye kesi ya Uniloc na Microsoft, kwa sababu haikuhusiana na uvumbuzi wowote mahususi. Nenda na hesabu ya kifaa chako: kinaokoa nini, kinaongeza bei kiasi gani. Na angalia muda. Stephen Kimble, aliyebuni kitu cha kuchezea cha kurusha utando kama Spider-Man, alikubaliana na Marvel alipwe 3% bila tarehe ya mwisho. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi, yenye muda maalumu) ikiisha, mrabaha wake umeisha. Ukiwa na michoro na ujuzi wa kiwandani, uandikie malipo yake peke yake.

4. Wasilisha maombi ya hataza BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kabla ya kupanga meza Nane Nane. Ukishawasilisha, una miezi 12 ya kudai tarehe hiyohiyo ya maombi nchi nyingine. Msiimalize mkisubiri mfadhili.

5. Haki ya kukagua vitabu vyao, kila mwaka, kwa mhasibu unayemchagua wewe. Mimi ningekuwa nayo ningeikagua ile mishahara.

6. Kikaoni usiende peke yako. Hata dada yako anayeuza nyanya sokoni anafaa, tena sana, kwa sababu yeye atauliza "mnakata nini humo?" bila haya.

Na wewe wa saa tano usiku: usisaini Jumatatu. Njoo Jumapili na rasimu na kalamu nyekundu, tuanze na kifungu cha malipo.