Picha haifiki kwenye ncha ya boriti

Swali lenu la wiki hii, kama picha na utalii vimebadili tunavyoyaona majengo yetu ya kale, limenigusa pabaya. Vimebadili, tena sana. Ila la kuulizwa hasa ni hili: tunayakarabati kwa ajili ya nani?

Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni ukuta wa matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita au zaidi, na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Hilo halionekani pichani. Kinachoonekana ni mlango wenye misumari ya shaba na ukuta mweupe. Basi mwenye nyumba anautaka weupe huo upesi, na fundi anapiga lipu ya saruji.

Ukuta wa chokaa hupumua, saruji huuziba. Unyevu unaopanda kutoka msingini unakosa pa kutokea, chumvi inafumuka, lipu inavimba, na ncha za boriti zilizomo ukutani zinaoza kimyakimya. Choma boriti kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, usilale chini ya dari hiyo. Dawa ni kubandua saruji kwa patasi, kuacha ukuta ukauke wiki kadhaa, kisha kupiga lipu ya chokaa iliyozimwa kwa maji, sehemu 1 kwa mchanga 3, tabaka jembamba baada ya jingine, ukinyunyizia maji.

Halafu nakumbuka Beit al-Ajaib. Jumba la Sultani Barghash la 1883, hakuna aliyefika Forodhani asilipige picha. Mwaka 2012 kipande kikaanguka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu 2 wakafa. Maelfu ya picha za veranda na mnara, ilhali mzigo ulikuwa nyuma yake, kutani na darini.

Hata hivyo, picha zilizopigwa kabla ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 zinaonesha jumba bila mnara huo. Wakati ule mnara mwingine ulisimama peke yake mbele ya jumba. Huu wa kushikamana na jumba ulikuja baada ya vita. Bila picha hizo tungeapa kwamba jumba lilizaliwa na mnara wake. Kwa hiyo siwezi kusema kamera ni adui, nilikuwa karibu kusema hivyo nilipoanza kuandika.

Anayekuja na kamera, basi, apige na pembe ya dari na ufa wa ukuta, aweke rula kando yake, aandike tarehe, na mwenyeji apige tena mahali hapo hapo masika yakiisha.