Kabla hujakata stalagmaiti, kaa kwanza na matone yake

Stalagmaiti ni nguzo ya jiwe inayokua kutoka sakafu ya pango kwa matone ya maji, na tabaka zake hutunza kumbukumbu ya hali ya hewa ya kale. Yangu ya kwanza niliichagua kwa macho. Ilikuwa ndefu, imenyooka, basi nikaona ndiyo hiyo. Tulipoipasua kwa msumeno wa almasi, katikati ulionekana mstari mwembamba wa rangi ya udongo, kama uzi. Nikaupuuza. Majibu ya umri yalipokuja, tabaka la juu ya mstari na la chini yake yalipishana maelfu ya miaka: matone yalikoma, kisha yakarudi. Na ule mstari wenyewe ulitoa umri mkubwa kuliko jiwe lililo chini yake, jambo lisilowezekana.

Maji yanayopenya mwambani huyeyusha urani, elementi yenye mnururisho, na kuibeba, lakini thori, elementi ambayo urani hugeuka kuwa polepole, karibu haiyeyuki kabisa. Kwa hiyo jiwe linapoganda huwa na urani, na thori-230 utakayoikuta baadaye imezaliwa humo humo kutokana na urani hiyo, kwa kasi inayojulikana. Hiyo ndiyo saa yako. Udongo huingia na thori yake yenyewe, na jiwe likaonekana kongwe kuliko lilivyo. Unga wa kupimia umri uchimbe kwenye tabaka safi, juu na chini ya kila mstari wa aina hiyo, hata kama bajeti inabana.

Lakini nikirudi nyuma leo, nisingeanza na jiwe. Ningeanza na maji. Weka kipande cha kioo chini ya tone, ukitazame mwaka mzima: kalsaiti, madini yanayojenga stalagmaiti, huganda msimu gani? Pima joto, unyevu na kabonidayoksaidi ya hewa ya pangoni, na ukusanye pia maji ya mvua ya nje. Wengi hukimbilia kusoma oksijeni-18, aina nzito ya oksijeni iliyomo kwenye jiwe, kana kwamba ni kipimo cha mvua tu, ilhali hubadilika pia kwa joto, msimu na mahali mvua ilikotoka. Karibu na mlango wa pango, upepo hukausha matone na kuivuruga zaidi. Nenda chumba cha ndani.

Wala usiamini jiwe moja. Kumbukumbu ya pango la Hulu, karibu na Nanjing, China, iliyochapishwa mwaka 2001, ilijengwa kwa stalagmaiti tano, na pale umri wao ulipokutana zilisimulia jambo moja.

Mara nyingi sentimita 10 huchukua miaka elfu moja hadi elfu kumi kukua. Siku hizi natafuta kwanza vipande vilivyokwisha kuvunjika vyenyewe sakafuni. Nikivikosa, natoboa na kutoa kijiti chembamba tu cha jiwe, naziba tundu, na stalagmaiti inabaki imesimama chini ya tone lake.