Si kila kipimo cha moyo ni mionzi

SWALI: Maalim, shikamoo. Niko Malindi, mtaa wa Barani. Nimepewa kazi ya kutafsiri karatasi ya maelezo watakayosomewa watu kabla hawajakubali kushiriki katika utafiti wa maradhi ya moyo. Vipimo vilivyotajwa ni eko, ECG, eksirei ya kifua, MRI na vipimo vya damu. Mimi nimeandika kwamba "mshiriki atapigwa mionzi ya moyo na kufanyiwa majaribio ya damu". Mwenzangu anataka tuandike "mshiriki atachukuliwa picha za moyo". Ipi iliyo sahihi? Na je, eko ni ya ngeli gani?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hakuna iliyo sahihi kati ya hizo mbili, ila makosa yenu hayalingani uzito. Kosa la mwenzako katika kitenzi nitalimaliza upesi: Mswahili hupiga picha, hachukui picha. Anayechukua picha huiondoa mahali ilipokuwa, ukutani au mezani, akaenda nayo. Siku hizi watangazaji wetu wameacha kupiga na wanachukua, kwa kuwa Mwingereza huchukua, na mimi sioni sababu ya kumfuata katika jambo ambalo lugha yetu ililipatia kitenzi chake tangu kamera zilipoanza kuingia mwambao huu.

Kosa lako wewe ni mionzi, na kwa hilo utanivumilia niseme kwa urefu, kwa sababu nimelisikia miaka mingi, kutoka vinywani mwa watu waliosoma, nami nimekwisha kuona madhara yake.

Nilipata kumsindikiza jamaa yangu katika hospitali moja ya huku pwani. Mbele yetu kwenye foleni alikuwapo mama mjamzito, mimba yake imekwisha kuwa kubwa, naye kila akisema maneno matatu husita avute pumzi. Daktari alikuwa ameshuku vali ya moyo wake, yaani kile kilango cha kupitishia damu, akamwandikia eko. Mhudumu wa mapokezi alipoisoma ile karatasi alimwambia kwa sauti ya kusikika na wote: "Nenda chumba cha mwisho, ukapigwe mionzi ya moyo." Mama yule alisimama, akajifunga vizuri buibui lake, akasema kwamba mwanawe hapigwi mionzi akiwa tumboni, akatoka. Watu waliobaki wakamwita mshamba. Mimi nasema kwamba katika chumba kile yeye ndiye aliyekijua Kiswahili kuliko wote. Ameelezwa tangu usichana wake kwamba mionzi na mimba haviendi pamoja, na alipolisikia neno alilitii. Aliyekosea ni yule aliyelitumia mahali pasipo pake. Na mimba ndiyo hasa inayohitaji kipimo hicho, kwa kuwa damu ya mjamzito huongezeka karibu nusu ya ilivyokuwa, na vali iliyobanwa kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni, ambayo mtu ameishi nayo miaka bila kuijua, huanza kumsumbua wakati huo.

Mwonzi kwa asili ni mstari wa nuru, ule unaopenya dirishani asubuhi, na mionzi ni wingi wake. Baada ya Wilhelm Conrad Röntgen kuigundua miale ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, neno letu la nuru lilipewa pia kazi ya kutaja ile isiyoonekana kwa macho, ipenyayo nyama na kuacha kivuli cha mfupa. Upanuzi huo ulikuwa mwema na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na hatua iliyofuata, ambapo kila mashine yenye kioo na waya, hata isiyotoa mwonzi wowote, ikaitwa ya mionzi kwa sababu tu imewekwa katika jengo moja na ile ya eksirei.

Tuichukue eko, kwa kuwa ndiyo inayoonewa zaidi. Mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto, akapakwa kifuani jeli baridi, na mtaalamu akakitembeza kifaa kidogo cha mkononi katikati ya mbavu. Kitokacho katika kifaa hicho ni sauti. Ni sauti nyembamba mno, ambayo kwa mtu mzima huwa na mitetemo kama milioni 2 hadi 5 kwa sekunde, hali sikio la binadamu hukomea kwenye 20,000. Sauti hiyo husafiri mwilini kwa kasi ya karibu mita 1,540 kwa sekunde, ikagonga ukuta wa moyo, ikagonga vali, na kila inapogonga, sehemu yake hurudi. Kifaa kile kile kilichotoa ndicho kinachopokea, na kompyuta hupima muda wa kwenda na kurudi ikajua ukuta uko mbali kiasi gani. Jeli yenyewe ni ushahidi: imewekwa ili pasibaki hewa kati ya kifaa na ngozi, kwa sababu hewa huizuia sauti hiyo isiingie mwilini. Anayepigwa eksirei hapakwi jeli, kwa kuwa mionzi haina haja nayo.

Na asili ya kipimo hiki ingewapendeza watu wa Lamu kuliko watu wowote. Daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz, walipokuwa Lund, Uswidi, hawakukipata chombo chao hospitalini. Walikiazima kwenye kiwanda cha meli mjini Malmö, ambako kilitumika kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya chuma, na tarehe 29 Oktoba 1953 wakarekodi kwa sauti mwendo wa kuta za moyo ulio hai. Fundi wa majahazi kule Matondoni anapougonga ubao kwa nyundo na kuutegea sikio ajue kama ndani umeoza, anafanya kazi ya ukoo ule ule, na hakuna aliyewahi kusema kwamba fundi ameupiga ubao mionzi.

Hata zile rangi zinazoonekana kwenye kioo, ambazo watu huzisimulia nyumbani kwamba nyekundu ni damu safi na buluu ni damu chafu, ni habari ya sauti tupu. Sauti iliyoirudia mashine kutoka kwenye damu inayosogea hubadilika wembamba wake, kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Kwa kawaida damu inayokijia kifaa hutiwa nyekundu na inayokikimbia hutiwa buluu. Damu ile ile moja, mtaalamu akikigeuza kifaa, inaweza kubadilika rangi.

Lugha yetu haikukosa neno la sauti igongayo ikarudi. Ni mwangwi. Eko, neno la Kiyunani lililotufikia kwa njia ya Kiingereza, maana yake ni hiyo hiyo. Basi kwa karatasi yako, "kipimo cha mwangwi wa moyo" ni maelezo ya kweli, mafupi, na mzee wa Langoni atayaelewa pasipo mkalimani.

Najua atatokea mwalimu wa fizikia anipinge, aseme kwamba mawimbi ya redio nayo ni jamaa ya mionzi, na hata nuru ya taa ni mionzi, kwa hiyo MRI, inayotumia mawimbi hayo, haijaepukana na neno hilo. Darasani ana haki. Lakini karatasi ya maelezo haisomwi darasani. Inasomewa mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati, ambaye kwake mionzi ni ile iwezayo kudhuru mimba na kuzaa saratani, na maana iliyomo kichwani mwake ndiyo itakayoamua kama ataweka sahihi au atarudi nyumbani. Tena hoja hiyo haiifikii eko hata kidogo, maana sauti haimo katika ukoo wa nuru na mawimbi ya redio.

Katika MRI neno lako lina madhara ya namna nyingine. Mashine ile hufanya kazi kwa sumaku kubwa, za hospitalini nyingi zikiwa za tesla 1.5 au 3 (tesla ndiyo hupimia nguvu ya sumaku), pamoja na mawimbi ya redio. Hatari ya kweli ndani ya chumba chake ni chuma. Mtu mwenye kile kifaa cha kusaidia mapigo ambacho wengi hukiita betri ya moyo, au mwenye kipande cha chuma mwilini, lazima aseme kabla hajakaribia mlango. Ukimwandikia "mionzi", utamtia hofu ya kisichokuwapo na kumsahaulisha kilichopo. Mwandikie "picha za moyo zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku", naye mwenyewe ataikumbuka ile skrubu iliyomo mguuni mwake.

ECG ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu hapo mtu hapigwi kwa chochote. Hubandikwa vibandiko 10, sita kifuani na vinne kwenye mikono na miguu, kisha mashine ikatulia kusikiliza umeme ambao moyo wake mwenyewe unautengeneza, umeme mdogo wa kadiri ya milivolti 1 ukifika juu ya ngozi. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, ndiye aliyeupima vizuri mwanzoni mwa karne ya 20, naye ndiye aliyeyaita mawimbi yake P, Q, R, S na T, majina yanayotumika mpaka leo, na mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Kitokacho ni mstari juu ya karatasi ya miraba, unaokwenda milimita 25 kwa kila sekunde. Hapana mionzi, wala hapana picha ya moyo. Andika "kipimo cha umeme wa moyo", na uongeze kwamba umeme huo unatoka kwa mshiriki mwenyewe, maana nimewasikia watu wakiogopa kwamba watatiwa shoti.

Sasa nimrudie mwenzako, asije akadhani kwamba nikikukosoa wewe nimempa ushindi. "Picha za moyo" ina aibu ya upande wa pili: yako inatisha pasipo haki, yake inaficha pasipo haki. Vipo vipimo ambavyo ndani yake mionzi imo, na mshiriki ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi. Eksirei ya kifua ni mojawapo, ingawa kiasi chake cha mionzi ni kidogo (na iitwe hivyo, ya kifua, kwa kuwa moyo huonekana humo kama kivuli tu kati ya mapafu). Skani ya CT, ile ya eksirei nyingi zinazopigwa kuuzunguka mwili, ni nyingine, na mionzi yake ni mingi zaidi. Vipo pia vipimo ambavyo mtu hudungwa dawa yenye mionzi, kama teknishiamu, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila saa 6, na hapo mwili wenyewe ndio unaotoa mionzi na mashine inapokea. Tena iko anjiogramu, ambapo katheta, yaani mrija mwembamba, huingizwa kwenye mshipa wa mkono au wa kinena ikasukumwa hadi moyoni, dawa ikamwagwa, na eksirei zikapigwa mfululizo. Werner Forssmann alijisukumia katheta moyoni mwake mwenyewe mwaka 1929 huko Eberswalde, Ujerumani, akaenda kwa miguu hadi chumba cha eksirei apate ushahidi. Leo jambo hilo hufanywa kila siku kwa usalama mkubwa kuliko wakati wake, lakini kuliita "kuchukuliwa picha" mbele ya mtu atakayetobolewa mshipa ni kumnyima habari aliyostahili kuipata kabla ya kukubali.

Limebaki neno "majaribio", ambalo umelitumia kwa damu. Lifute. Kupima na kujaribu ni vitendo viwili. Damu ya mshiriki inapopelekwa maabara kutafutwa troponini, ile protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo iliyoumia, hicho ni kipimo: jambo linalojulikana linatazamwa kama lipo na ni kiasi gani. Jaribio ni lile ambalo matokeo yake hayajajulikana. Oscar Langendorff alifanya jaribio mwaka 1895, alipoutoa moyo wa mnyama nje ya mwili na kuulisha kupitia mshipa wake mkuu, ukaendelea kupiga, na hata leo watafiti wa dawa hufanya hivyo kwa mioyo ya panya. Ukimwambia mvuvi wa Malindi kwamba atafanyiwa majaribio ya moyo, hayo ndiyo atakayoyaona machoni pake, na sitamlaumu akiikataa kalamu. Kama utafiti wenu una jaribio la kweli, kwa mfano dawa mpya, neno hilo litunzeni kwa ajili ya hapo, ili likisikika lisikike kwa uzito wake.

Kwa hiyo sentensi yako iwe hivi: "Mshiriki atapimwa moyo kwa mwangwi wa sauti (eko), atapimwa umeme wa moyo (ECG), atapigwa eksirei ya kifua, ambayo hutumia mionzi kidogo, atapigwa picha za moyo kwa mashine ya sumaku (MRI), na atatolewa damu ya kupimwa maabara." Ni ndefu kuliko ya kwako na ya mwenzako. Iacheni iwe ndefu.

Ama eko, ni ya ngeli ya i-zi: eko hii imeonyesha, eko hizi zimeonyesha. Ningependa mwangwi ulishinde, lakini neno limekwisha kuzoeleka katika vyumba vya madaktari na silipigi vita. Ninachokataa ni kuliandika kwa herufi kubwa tupu, ECHO, kama nilivyoliona katika karatasi nyingi. ECG ni herufi zilizochukuliwa katika neno moja refu la Kiingereza, electrocardiogram. Eko ni neno zima, na huandikwa kama maneno mengine.