Rangi ya ekzosi: jua joto la kipande kabla hujanunua kopo

Jamani ekzosi, yaani bomba la moshi la gari, haina joto moja, hilo ndo watu wengi wanalisahau wakienda kununua rangi. Manifoldi, kile kipande cha mbele kinachopokea moshi kutoka kwenye injini, kwa gari la petroli ukipanda mlima na mzigo inaweza kupita nyuzi 700 za Selsiasi, yenye turbo ndo usiseme, lakini ukifika kwenye sailensa ya nyuma unakuta mara nyingi ni 200 au 300 tu. Kwa hiyo rangi ya silikoni iliyoandikwa nyuzi 650 inatosha kabisa kuanzia katikati kwenda nyuma, ila mbele kule itapauka halafu ianze kubanduka magamba. Manifoldi mimi naweka rangi ya seramiki tu, ni ghali ndio ila inadumu. Na rangi ya unga ya kawaida, ile ya mageti, kataa kabisa, inaungua.

Sasa hata ununue kopo la bei gani, ukipuliza juu ya kutu umetupa hela. Piga mchanga au msasa mpaka chuma kiwe cheupe, pale kwenye weldi pitia na brashi ya waya, halafu futa na asetoni kwa kitambaa cheupe, rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Baada ya hapo usiguse kwa mkono mtupu! Mafuta ya vidole yanabaki pale na joto likija rangi inaachia hapohapo ulipogusa. Praima ya kawaida usiweke, itaungua chini na kubeba rangi yote. Puliza koti nyembamba nyembamba.

Kitu kingine rangi hizi hazikomai kwa kukauka na hewa, zinataka joto kali, kabla ya hapo ukucha tu unaikwangua. Kama huna oveni washa gari nje, liache lingurume bila kukanyaga mafuta dakika 10 hivi, zima lipoe kabisa, washa tena muda mrefu zaidi, lipoe, ndo uende safari. Litatoa moshi na harufu, ni kawaida, usikae unaivuta. Fuata hatua za kwenye kopo kwanza, zinatofautiana.

Halafu kabla ya yote hayo chukua bisibisi ugonge sailensa pale chini kwenye maungio, maana magari ya safari fupi fupi maji hubaki ndani na kutu inaanzia humo, nje pako safi tu. Bisibisi ikizama, hela ya rangi nunulia sailensa nyingine.