getBattery inakubali kwenye laptopu, inagoma kwenye simu

Umeuliza kwa nini navigator.getBattery, amri ya JavaScript inayosoma hali ya betri, inafanya kazi kwenye laptopu lakini si kwenye simu. Kwa maelezo yako, laptopu inafungua localhost:5173 (yaani seva iliyo kwenye kompyuta hiyo hiyo), simu inafungua http://192.168.1.5:5173, na simu ndiyo inayolalamika "navigator.getBattery is not a function". Msimbo hauna kosa. Chrome inaruhusu kusoma betri kwenye HTTPS tu; localhost inasamehewa, IP ya ndani haisamehewi. Chomeka simu kwenye laptopu kwa kebo, washa USB debugging kwenye simu, kisha tumia adb, zana ya kuamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta:

adb reverse tcp:5173 tcp:5173

Sasa fungua localhost:5173 kwenye simu yenyewe.

Ila kebo hiyo hiyo inachaji simu, kwa hiyo charging itabaki true na asilimia hazishuki. Idanganye simu:

adb shell dumpsys battery unplug
adb shell dumpsys battery set level 19

Ukimaliza, adb shell dumpsys battery reset. Ukisahau, simu itang'ang'ania 19 hata ikijaa, uanze kuilaumu betri bure.

Huu ndio msimbo wenyewe; angalia ni function yako inayosoma b.level na b.charging:

const b = await navigator.getBattery();
b.addEventListener('levelchange', angalia);
b.addEventListener('chargingchange', angalia);
document.addEventListener('visibilitychange', angalia);
angalia();

Mstari wa mwisho wengi huuacha. Matukio huja hali inapobadilika tu, kwa hiyo bila huo skrini itakaa tupu mpaka asilimia moja ishuke. Na visibilitychange ni kwa sababu Android hugandisha ukurasa uliofichwa: mtumiaji anakwenda WhatsApp na 40, anarudi na 18, wewe hujui.

level ni 0 hadi 1. Tumia Math.round, maana 0.29 * 100 inatoa 28.999999999999996. Usiweke kizingiti kimoja pia. Punguza kazi chini ya 0.20, rudisha ikifika 0.25 au charging ikiwa true, la sivyo programu itawaka na kuzima pale mpakani. dischargingTime, yaani sekunde zilizobaki kabla betri haijaisha, mara nyingi ni Infinity, mimi siitegemei.

Firefox waliiondoa getBattery toleo la 52, mwaka 2017, kwa ajili ya faragha, kwani namba za betri zilitosha kumfuatilia mtu. Safari haijawahi kuwa nayo. Anza na 'getBattery' in navigator, ujue kama kivinjari kinayo.

Kama iPhone ni lazima, funga programu ndani ya Cordova (zana ya kugeuza ukurasa wa wavuti kuwa programu ya simu) na cordova-plugin-battery-status, usikilize tukio la batterystatus kwenye window. Humo level ni 0 hadi 100, kwa hiyo sharti lako la level < 0.2 litakaa kimya hata betri ikibaki 1.